Jumapili Zisizo na Mvua

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba hasira hizo ndizo zilizonifanya mpiga chapa mzuri. Herufi ikikosewa nilikasirika mimi kabla ya bosi. Kwa hiyo ni haki nianze kwa kukiri: kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kwenye mashine nililifanya katika kazi ya baba yangu mzazi, na mtu wa kwanza niliyemkasirikia kwa kosa hilo alikuwa yeye.

Sisi watoto tulimwita tata, kama wanavyoitwa baba wote wa kwetu. Alikuwa mkulima wa Kamuli, siku hizo Kyerwa haijawa wilaya na sote tulikuwa watu wa Karagwe. Alikuwa na kibanja cha migomba iliyochanganywa na kahawa, Biblia moja, na koti moja la kanisani. Mwaka 1978, miezi michache kabla ya vita, bwana shamba mmoja alifika nyumbani na kopo refu la bati na bilauri nyembamba yenye mistari. Akalisimika kopo kwenye uwazi uliokuwa kati ya nyumba na migomba, mahali ambapo hapakuwa na majani ya kudondosha maji ndani yake. Akamfundisha tata kumimina maji ya mvua yaliyoingia koponi kwenye bilauri kila asubuhi saa tatu, kusoma mstari yalipofikia, na kuandika kwenye daftari. Pembeni aandike na habari za migomba: upi umeanguka, upi umeliwa mizizi na funza, upi umezaa mkungu lini. Walitaka kujua kwa nini ndizi zilikuwa zinapungua. Ingekuwa kazi ya miaka miwili, akasema, na daftari zingepelekwa kituo cha utafiti.

Kisha vita ikaja. Tulisikia mizinga kutoka upande wa mtoni, chumvi ikaadimika, sabuni ikawa hadithi. Bwana shamba alipita mara ya mwisho akiwa na haraka, akachukua daftari la kwanza, akamwambia tata, "Mzee, endelea kupima mpaka nitakaporudi." Vita ikaisha, waliokimbia wakarudi, yeye hakurudi. Hatukujua kama alihamishwa au alipatwa na jambo. Tata aliendelea kupima.

Daftari zilipokosekana madukani aliandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji, alizozikunguta, akazikata kwa kisu cha kukatia mikungu na kuzipigia mistari akitumia ubapa wa mwanzi. Majirani walimtania kwamba Mungu amepata karani. Ukame ukija, walewale waliomcheka walipita uani wakijifanya wanaomba moto. "Mzee, chupa yako inasemaje?" Naye alijibu bila kutabasamu, "Chupa haijui kesho. Inajua jana tu." Mama alisema ameolewa na wawili, mume na kopo, na kwamba kopo ndilo linaloamkiwa kwanza.

Daftari lililojaa lilifungwa kwa majani makavu ya mgomba na kupandishwa kwenye uchaga juu ya mafiga, pale zilipokaa mbegu za maharage na mahindi. Kwetu kitu cha thamani huwekwa kwenye moshi. Mchwa wa Kamuli anamaliza karatasi kwa msimu mmoja tu, lakini moshi haupendi. Ndiyo maana daftari za tata zilikuwa za rangi ya chai ya rangi, na ukizifungua unapiga chafya.

Mimi nilikwenda Bukoba kujifunza upigaji chapa, na katikati ya miaka ya tisini nikapata kazi Kayanga, kwenye mradi mmoja wa kilimo. Hapo ndipo nilipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya kwanza ofisini, na kwa jinsi tulivyoipokea ungedhani ni bibi harusi. Iliwekwa chumba chenye pazia, nikaishonea kitambaa cha kitenge cha kuikinga na vumbi, na jenereta ilipowashwa watu waliacha kazi zao kuja kuchungulia herufi za kijani.

Mtaalamu wetu alikuwa mtu wa nyanda za juu kusini, mpole, mwenye kupenda maandazi na kuchukia uzembe. Alikuwa na ndoto moja. Alitaka kukusanya kumbukumbu zote za zamani za mvua na mazao za wilaya yetu na kuziingiza kwenye disketi, nakala tatu: moja ibaki kwetu, moja Bukoba, moja Dar es Salaam. "Karatasi ina maadui wengi," alipenda kusema. "Mchwa, panya, mvua, na mama anayefungia maandazi." Alisema hivyo huku akila andazi lililofungwa kwenye barua ya idara fulani. Shida ni kwamba kabati la ofisi lilikuwa tupu kwa miaka yote tangu vita. Hakuna aliyejua mafaili yalikwenda wapi.

Nikamwambia kuhusu tata. Aliliweka andazi mezani.

Jumamosi hiyo alfajiri nilipanda lori la kahawa kwenda nyumbani kuomba daftari. Tata alikuwa ameanza kuota mtoto wa jicho. Aliinua bilauri kwenye mwanga, akaisogeza, akaigeuza, na mwisho alimwita mama amthibitishie mstari. Nilipomweleza habari za mashine akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu asiyelalamika. "Macho haya yanafunga. Kabla hayajafunga nataka kujua kama miaka yote hii nilifanya kazi au nilikuwa nacheza na maji."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba lilikuwa linamuumiza. Tuliozaliwa nyumba ile tulidhani anapima kwa sababu anapenda kupima, kama wengine wanavyopenda rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Lakini daftari zote hakunipa. La kwanza lilichukuliwa mwaka wa vita na halikurudi, kwa hiyo sasa sharti likawa daftari tatu kwa safari moja: nirudishe tatu, nichukue tatu. Nilibishana. Nilimwambia mimi ni mwanawe, si bwana shamba. Akasema hata bwana shamba alikuwa mwana wa mtu. Nikashindwa, na kwa miezi kadhaa nikawa abiria wa lori la kahawa na furushi lenye harufu ya jikoni.

Kazi yenyewe niliipenda. Niliweka daftari kushoto, nikapiga namba kulia, safu baada ya safu, na ofisi nzima ikanuka moshi. Nilikutana na utoto wangu humo. Siku ya mvua kubwa iliyoangusha choo. Siku mgomba wa kando ya kaburi la bibi ulipozaa mkungu ambao wanaume wawili waliubeba kwa mti. Tata hakuandika kwamba tulifurahi, aliandika tu "mkungu mkubwa, wabebaji wawili", lakini nilikumbuka ladha yake.

Kulikuwa na usumbufu mmoja mdogo. Mahali pengine tata aliandika sifuri, mahali pengine alichora kimstari kifupi. Mashine haikukubali kimstari. Kila nilipokiingiza ililia kama kifaranga aliyekanyagwa. Nikaona ni yale yale, mzee alichoka kuviringa sifuri. Nikaweka sifuri kila penye kimstari, na sikumuuliza mtu. Nilijiona mwerevu, hata nikazidisha kasi.

Nilipomaliza, mtaalamu alijifungia na mashine siku mbili. Siku ya tatu aliniita na kufunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Huko kwenu Kamuli," akaniuliza taratibu, "mvua hainyeshi Jumapili?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha karatasi iliyotoka kwenye printa. Alikuwa ameiagiza mashine ijumlishe mvua kwa siku za wiki. Jumatatu ilikuwa ndefu kama mnara. Jumanne hadi Jumamosi zilikaribiana. Jumapili hapakuwa na kitu. Miaka kumi na saba, masika na vuli, na hata tone moja halikuanguka kwenye kopo la baba yangu siku ya Jumapili.

"Mtu akikaa akatunga namba, kuna mahali hujisahau," akasema. "Simlaumu mzee. Hakuna aliyemlipa, hakuna aliyemkagua. Huenda alikuwa anajaza wiki nzima kwa siku moja. Lakini siwezi kuziweka kwenye kumbukumbu. Uongo ukishaingia kwenye disketi, unadumu kuliko ukweli ulioko kwenye daftari."

Nilitoka pale nikiwa nimevimba. Sikumkasirikia mtaalamu, maana alichosema kilikuwa na akili. Nilimkasirikia tata. Nilikumbuka karatasi za saruji, sharti lake la tatu tatu, macho yake kwenye bilauri, nikajiambia yote yalikuwa maigizo. Siku mbili nzima niliamini kwamba baba yangu ni mwongo. Ninaandika hivyo waziwazi kwa sababu bado inaniuma, na sitaki kuipamba.

Jumamosi nilifika nyumbani jioni, nikamsalimia kwa ufupi. "Shikamoo tata." "Marahaba, mwanangu." Mama alinitazama akajua kuna neno, akanipakulia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage. Nilipanga kusema asubuhi.

Alfajiri mvua ilinyesha, mvua nzito ya kupiga bati kama mchanga. Ilipokatika tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa mbali kwa mguu, na tata, aliyeokoka kabla mimi sijazaliwa, hakuvumilia kuchelewa. Kwake Jumapili jembe halikuguswa, kisu cha mikungu kililala juu ya boriti, na kuni zilikuwa zimepasuliwa tangu jana. Niliyajua hayo yote tangu utotoni. Nilisimama mlangoni nikifunga viatu, nikamwona akipita karibu na lile kopo ndani ya koti lake. Lilikuwa limejaa maji ya alfajiri. Hakuliangalia. Alilipita kama anavyopita mtu jirani asiyesemezana naye, akatangulia njiani.

Mahubiri ya siku hiyo sikuyasikia. Nilikuwa nimekulia nyumba ile na sikuwahi kuliona jambo hilo, kwa sababu jambo lisilofanyika halionekani.

Baada ya chakula nilimuuliza. Alishangaa kwamba nauliza.

"Jumapili si siku ya kupima."

"Bwana shamba alisema kila siku, tata."

"Nami nilimjibu palepale. Siku sita nitakupimia, ya saba ina mwenyewe. Akafikiri, akasema basi siku hiyo chora mstari, usiandike namba."

"Na maji?"

"Maji yanakaa kwenye kopo. Yananisubiri mpaka Jumatatu. Nani angeyaiba?"

Nilishusha daftari moja kutoka kwenye uchaga, nikalifungua pale pale jikoni, nikahesabu kwa kidole. Kimstari. Siku sita. Kimstari. Siku sita. Kimstari. Hakuna hata kimoja kilichopotea mahali pake, hata kwenye karatasi za saruji, hata mwezi aliougua. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba nilidhani kimstari na sifuri ni kitu kimoja.

Tata alinitazama kwa yale macho yenye ukungu. "Mtoto wa kusoma," akasema. "Sifuri ni kwamba nilitazama, nikakuta hakuna. Mstari ni kwamba sikutazama. Vitakuwaje kimoja?"

Nikamweleza yote: mashine iliyolia, sifuri zangu, mtaalamu na karatasi yake. Sikumficha hata neno la kutunga. Nilidhani hilo ndilo litakalomuuma. Alilisikia, akaliweka kando, akakunja uso kwa jambo jingine kabisa.

"Kwa hiyo umeniandika kwamba nilitazama," akasema. "Miaka kumi na saba umenifanyisha kazi Jumapili. Na umenipeleka hivyo hivyo mpaka Kayanga."

Mama, aliyekuwa anasuuza sufuria, alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, na tata akabaki katikati yetu akiwa na uso wa mtu aliyeonewa.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa mtaalamu kabla hajafika. Nilimwambia kosa ni langu. Ningeweza kusema mashine ilikataa, na ingekuwa kweli nusu, lakini nilikwishachoka na kweli za nusu. Alisikiliza, akaichukua ile karatasi yenye mnara wa Jumatatu, akaitazama upya. "Siku mbili kwenye kopo moja," akasema. Kisha akaomba gari.

Alifika Kamuli siku hiyohiyo. Tata alimpokea uani, "Karibu waitu," kama anavyoitwa kwetu mtu wa kuheshimiwa, akamvutia kiti. Mtaalamu hakukaa. Alilizunguka kopo, akalipima kimo kwa mkono, akaomba bilauri, akaomba daftari, akapiga chafya. Alifungua moja baada ya nyingine juu ya mkeka wa kahawa, na tata alisimama wima karibu yake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Hatimaye mtaalamu akasema kuna njia ya kuokoa kazi. Mashine ilipenda safu zisizo na mapengo. Maji ya kila Jumatatu yangeweza kugawanywa nusu kwa nusu, nusu ikapewa Jumapili, na kila kitu kikakaa sawa.

"Waitu," tata akauliza, "wewe uliona mvua ya Jumapili hizo?"

"Hapana, mzee."

"Hata mimi sikuona. Sasa tumekuwa wawili tusioona, nani ataandika?"

Mtaalamu akamgeukia mama, nusu kwa utani, akamuuliza kama Jumapili ilikuwa inanyesha. "Ilinyesha kama siku nyingine," mama akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naanua kahawa." Tata akamtupia jicho. "Kuanua si kazi," mama akajibu jicho hilo. "Ni kuokoa."

Mtaalamu alicheka, na kicheko chake kilipoisha alikaa kwenye kile kiti. Akasema, sasa kwa heshima ambayo sikuwa nimeisikia ofisini, kwamba mtu anayetunga namba hawezi kuacha mapengo mamia kwa mamia. Angeyajaza, maana pengo ndilo linalomtisha. Akasema Jumapili zitabaki wazi. Ataweka alama maalumu kwenye mashine, na maelezo ya kuonyesha kwamba maji ya Jumatatu ni ya siku mbili, ili yeyote atakayefungua disketi hata miaka mingi ijayo ajue mpimaji aliona nini na hakuona nini. Halafu akaomba radhi. Tata alimkatia mkungu.

Nilirudia kazi. Jumapili zote, mwaka kwa mwaka, sifuri zangu nikizing'oa moja moja kama magugu. Nilifanya hivyo saa za chakula cha mchana kwa wiki nyingi, na sikuwahi kufurahia adhabu kama ile. Mtaalamu alitengeneza nakala zake tatu. Siku ya kusafirisha ile ya Dar es Salaam niliazima disketi moja kwa siku mbili, nikaipeleka Kamuli. Tata aliipapasa, akainusa, haikuwa na harufu yoyote. "Maji yote yale yamo humu?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni kitu kisichovuja.

Lakini disketi haikumridhisha, na nilijua haitamridhisha. Kwa hiyo nilikuwa nimechapa pia kurasa za kwanza, zile karatasi ndefu za printa zenye matundu pembeni. Wakati huo macho yake hayakusoma tena. Alikaa kwenye benchi nje ya nyumba, kahawa ikiwa imeanikwa mbele yake, nami nikamsomea. Nilianza juu kabisa: mahali, Kamuli, wilaya ya Karagwe. Kisha ule mstari unaosema mpimaji, na mbele yake jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, kama lilivyo kwenye cheti chake cha ndoa. Kisha siku. Jumatatu, milimita kadhaa, za siku mbili. Jumanne, sifuri. Jumatano, sifuri. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili, hakupima.

Aliitikia kwa kichwa kila siku moja, polepole, bila kuruka. Nikamaliza mwezi wa kwanza. Nilitegemea atasema neno, hata la kunikosoa. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati, yale macho yasiyoona, na hakuona haya kwamba namtazama.

"Mwite mama yako aje akae hapa," akasema. "Halafu anza tena pale kwenye jina."